Gunia la Kilo Mia kwa Jina la Mwenzangu

Viti vya chuo kile nilivibeba mimi. Sisemi kwa mafumbo. Nazungumzia viti vyenyewe, vya kijivu, vyenye kimeza cha kukunja upande wa kulia. Tulivishusha kwenye lori asubuhi ya Jumatatu, mtaa wa nyuma katikati ya jiji la Sydney, tukavipandisha kwa lifti ya mizigo mpaka ghorofa ya sita. Watu waliokuja kuvikalia baadaye walikuwa na digrii mbili mbili. Mimi nilikuwa najua uzito wa kila kimoja.

Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilizaliwa India, na hata huko kwao hakikuwa na umri wa kujivunia. Hapa Sydney ndiyo kwanza kilikuwa kinafungua tawi: ghorofa mbili za kupanga, na chini kabisa, mlango wa barabarani, duka la dawa. Rangi ya ukutani bado ilikuwa inanuka. Maktaba ilikuwa na rafu nyingi kuliko vitabu. Mkuu wa chuo, mzee wa Kihindi mwenye nywele nyeupe zote, alisimama mlangoni akitutazama tukifanya kazi, na hakututazama kama wenye nyumba wanavyowatazama wahamisha vyombo, wakihofia kuta zao. Alikuwa anafuatilia kitu.

"Kwa nini viti vya nyuma vinaingia kwanza?" akaniuliza.

"Kwa sababu chumba kina mlango mmoja. Ukijaza mbele, vya nyuma utavirusha?"

Akacheka. "Nani amekufundisha?"

"Sijafundishwa na mtu. Nimefikiri."

Ndiyo tabia yangu, siifichi. Nilimaliza darasa la saba mkoani Tanga. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yakabandikwa ukutani, nikayasoma mara tatu kutoka juu kwenda chini, kisha mara moja kutoka chini kwenda juu, labda lilijificha. Langu halikuwemo. Wiki ile ile nikawa kuli sokoni. Leo nina malori matano, nina yadi yangu St Marys karibu na reli, na asubuhi kuna watu kumi na wanne wanaosubiri niseme neno ndipo injini ziwake. Nionyesheni mwingine aliyeanzia pale nilipoanzia mimi akafika hapa. Kama yupo, aje yadi tunywe chai.

Basi yule mzee akaniambia kuna kozi ya mwaka mmoja, Jumamosi na Jumapili, kwa watu wenye biashara zao wenyewe. Digrii si sharti. Kuna usaili tu. "Mtu kama wewe ndiye tunayemtafuta," akasema. Sasa mtu akiniambia mimi ndiye anayetafutwa, mimi sibishani naye.

Nyumbani mke wangu alikuwa anavaa sare, anakwenda zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Nikampa habari. Akasimama na kiatu kimoja mkononi.

"Utasoma? Wewe? Mwanamume ambaye hata karatasi ya dawa namsomea mimi?"

"Ndiyo maana nakwenda. Nikupunguzie kazi."

"Haya. Ila usianze kutangaza kabla hujafika mwisho."

Nilitangaza. Wiki hiyo hiyo palikuwa na harusi ya Watanzania Blacktown, nikapewa maikrofoni niwapongeze maharusi, nikajikuta nawaeleza watu mia mbili kuhusu chuo cha biashara. Wakenya waliokuwepo walipiga miluzi. Bwana harusi alipiga makofi pia, japo nadhani alitaka nikae.

Nitakisema chuo kile kama nilivyokiona, maana wengi wanapenda kukichekea kitu kipya. Walimu walikuwa wanatoka India, wanakaa wiki nne, wanafundisha, wanarudi, anakuja mwingine. Wa kwanza alifundisha wikendi nzima akiwa bado anaishi kwa saa za kwao, akipiga miayo kwenye sentensi zake nzuri kabisa. Hawakufundisha kwa kuandika ubaoni. Walileta kisa cha kampuni fulani iliyokwama, kurasa ishirini, mnasoma nyumbani, halafu darasani mwalimu anamnyooshea mtu kidole: "Wewe ndiye meneja. Fanya kitu." Wallahi, nilipenda. Miaka yote hii nimekuwa meneja na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa adabu hivyo. Wenye digrii walikuwa wanaanza na "inategemea". Mimi nilikuwa nanyoosha mkono kabla swali halijaisha, na mara nyingi nilikuwa sahihi. Mara nyingine sikuwa sahihi, lakini nilisikika.

Kusoma zile kurasa ishirini ndiko kulikonitoa jasho. Nilikuwa naiachia simu inisomee kwa sauti ndani ya lori, nikitoka St Marys kwenda kuhamisha watu Macquarie Fields, na nikikuta foleni nashukuru, maana kisa kinaisha vizuri. Kuandika, nilikuwa nazungumza na simu, yenyewe inaandika, kisha binti yangu ananyoosha Kiingereza. Huyu binti Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza, kama mtu anayekurudishia mpira kwa mguu mwingine. Tulielewana.

Kwenye kazi ya kikundi tulipangwa wanne. Palikuwa na kaka mmoja wa benki, Mhindi wa Delhi, nadhifu, saa yake inang'aa. Palikuwa na mfamasia, Mnepali, mtu mkimya. Na palikuwa na binti mmoja wa mji wa Nagpur, mhasibu, miaka kama thelathini, mwembamba, ukimweka kwenye toroli langu hutajua kama kuna mzigo. Yeye hakuwa na biashara Sydney. Alikuja kwa viza ya mwanafunzi, akiwa kwenye kozi kubwa ya chuo hicho hicho, na baadhi ya masomo tuliyachanganya.

Siku ya kwanza aliniita Anko.

"Mimi siyo anko," nikamwambia. "Mimi ni mwanafunzi mwenzako. Nina nguvu kuliko wewe na huyo wa benki mkiunganishwa."

"Ndiyo, Anko," akasema, akaendelea kufungua chakula chake.

Alikuwa anakuja na chakula kwenye vyombo vya bati vilivyopangwa ghorofa ghorofa: wali chini, dengu katikati, mboga juu. Kuanzia Jumamosi ya pili akawa analeta ghorofa moja ya ziada na kuisukuma mbele yangu. Na ni yeye aliyenifundisha kusoma grafu. Hilo sikuwahi kumwambia mtu: mwalimu alikuwa akionyesha ile mistari inayopanda na kushuka, natikisa kichwa kama najua, kumbe naona nyufa za ukutani. Yeye akaliona. Wakati wa chakula akachora mmoja kwenye karatasi ya kufutia mikono. "Anko, huu ni mlima tu. Chini hapa ni siku zinapita. Pembeni ni mzigo unaongezeka. Sasa niambie, mlima huu unapanda kwa kasi wapi?" Nikamwonyesha. "Basi," akasema, "umemaliza grafu." Hakulizungumza tena, wala mbele ya wenzetu hakuonyesha kwamba anajua kitu kunihusu.

Kazi yetu ya kikundi ilikuwa kuchunguza biashara moja ya kweli na kuandika irekebishwe wapi. Mimi nikawapeleka kwenye kiwanda kidogo cha chapati, jirani na yadi yangu, cha mama mmoja wa Kipunjabi. Tukagawana. Wa benki achukue wateja, mfamasia usafi na muda wa kuharibika, mimi wafanyakazi, na binti wa Nagpur achukue ghala: unga unaingiaje, chapati zinatokaje. Nani awe kiongozi wa kikundi? Hapo hapakuwa na kura. Nilikuwa nimeshakaa upande wa kiti cha kiongozi.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili tukabidhi, ndipo ukaja ujumbe wake kwenye simu zetu. Baba yake amepata kiharusi. Anaondoka leo hii. Samahani. Baada ya hapo, kimya.

Sasa naomba niwaeleze nilichofanya, maana wanaotoka kwetu wataelewa haraka, na wengine wataelewa polepole kama walivyoelewa wale wazee wa chuo.

Kwetu, mtu akipata tatizo, hatumuulizi. Msiba ukiingia kwenye nyumba ya mwenzetu hapa Sydney, au kukiwa na hitima, kila nyumba inapewa sehemu yake: hawa wali, hawa mchuzi, hawa maandazi. Itatokea mmoja ana mgonjwa, au amepangiwa zamu ambayo hawezi kuikwepa. Jirani yake atapika vyake, kisha atapika na vya yule, na sufuria itafika ukumbini ikiitwa kwa jina la yule. "Mchuzi wa fulani huo, uwekwe pale." Mke wangu amekaanga maandazi ya watu wengine mpaka mikono ikanuka iliki wiki nzima. Wala hujisifu, wala hudai. Unamfunika mwenzako. Anayempigia simu mwenye tatizo kumuuliza "vipi, mchuzi wako unakuja?" huyo hana malezi.

Kwa hiyo nikaandika sehemu ya ghala. Nilikaa yadi siku tatu baada ya kazi, nikaiambia simu kila ninachokijua kuhusu mizigo, na ninachokijua si kidogo. Vizito chini, vinavyotoka kila siku karibu na mlango, unga usiguse sakafu wala ukuta. Nilizunguka ghala la yule mama wa Kipunjabi nikipima njia kwa hatua. Niseme ukweli, ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote nne. Binti yangu akanyoosha Kiingereza. Nikaweka juu yake jina la mwenzetu wa Nagpur, nikabonyeza kitufe, kazi ikaenda. Wale wenzangu wawili walidhani ameituma mwenyewe kutoka huko. Sikuwaambia tofauti. Siku ile nililala kama mtu aliyetoka kuswali.

Baada ya siku tisa ikaja barua pepe. Nikaiachia simu inisomee nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu. Sauti ile ya kike isiyo na haraka ikasema mimi na mwanafunzi mwenzangu tunaitwa mbele ya kamati kwa tuhuma za udanganyifu katika kazi ya masomo. Taa ikawa kijani. Waliokuwa nyuma yangu wakapiga honi mpaka mmoja akashuka.

Jioni ile simu ikaita kutoka Nagpur. Nilitazamia asante, nakuambieni kweli. Pamoja na ile barua bado nilitazamia asante.

"Anko," akasema, "kwa nini hukuniuliza?"

"Ungeulizwaje na baba yupo hospitali?"

"Ningejibu! Anko, mimi niliomba muda zaidi siku ile ile, nikiwa uwanja wa ndege. Mwalimu alinipa mwezi mzima. Sasa anaona kazi yangu imefika kabla ya siku yake. Unajua wanafikiri nini? Wanafikiri nimemlipa mtu aniandikie."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Na imeandikwa nini humo ndani?" akauliza. "Mwalimu amenitumia kipande. Nakusomea: 'Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilibeba gunia la kilo mia begani, kutoka asubuhi hadi jua linapinda, kwa hiyo najua gunia likipangwa vibaya.' Anko. Mimi nina kilo arobaini na nane."

Nilikuwa nimepitia maandishi yote nikitoa kila mahali niliposema "mimi". Hapo tu ndipo paliponiponyoka. Nadhani nililipenda lile gunia mno.

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nikamsikia anajizuia. Chuo kikimfukuza, viza inakufa. Akishindwa kurudi, kuacha kazi kwao kunakuwa bure, na baba mwenyewe kila akizinduka anauliza masomo yanaendeleaje. "Nimwambie nini?" akasema.

"Mwambie yanaendelea vizuri," nikasema.

"Anko, tafadhali. Usiniandikie tena cha kusema."

Tangu siku hiyo usingizi uliniaga. Mimi mtu wa kulala nikigusa mto! Niliwaza: nimemchukua mtoto wa watu aliyenipa grafu na dengu, nikamfungia jiwe mguuni, tena kwa mikono yangu miwili na kwa nia safi. Nikiwa mimi peke yangu wa kufukuzwa, ningekosa uso wa kurudi mbele ya watu mia mbili wa ile harusi, lakini malori yangepakia tu. Yeye hakuwa na lori.

Kaka wa benki akanitafuta, tukakutana kwenye mkahawa karibu na chuo. Alikuwa amefikiria.

"Bosi, ni rahisi," akasema. "Wewe ndiye uliyetuma. Sema mafaili yalichanganyika. Uliandika maelezo yako mwenyewe ya ghala, ukayabandika kwa bahati mbaya chini ya jina lake. Nani atapinga? Hakukuomba, hukumwandikia, basi."

"Na jina lake pale juu nani aliliandika?"

"Kompyuta."

Nilirudi na hilo nyumbani. Lilikuwa wazo zuri, tena la mtu aliyesoma. Nikamweleza mke wangu huku anamenya vitunguu. Hakuinua kichwa.

"Na wakikuuliza swali la pili?"

"Swali gani la pili?"

"Mimi sijui. Watu wa kanuni huwa wana swali la pili. Ukiwa na uongo utalazimika kutunga papo hapo, na wewe ukitunga unaongeza magunia."

"Kwa hiyo niseme ukweli wanifukuze?"

"Bwana wee, ulipoandika jina la yule binti ulikuwa unaona haya?"

"Hapana."

"Basi kasimulie hivyo hivyo, bila haya. Ila yeye mtoe kwanza. Wewe utajitoa baadaye kama nafasi ikibaki."

Kamati ilikaa siku ya Ijumaa, saa nane mchana, ghorofa ya saba, kwenye meza ndefu ambayo kona yake moja iligongwa na lifti siku tunaihamisha. Niliifunika ile kona kwa mkono. Walikuwa watatu: mkuu wa chuo, mwalimu wa somo ambaye ni kijana mwenye miwani aliyekuwa karibu kurudi kwao, na mama mmoja wa Kiaustralia anayesimamia kanuni, amenyooka kama rula. Ukutani palikuwa na skrini, na kwenye skrini yuko binti wa Nagpur, kwenye korido ya hospitali, watu wanapita nyuma yake na chupa za maji.

Ilikuwa kesi ya kwanza tangu tawi lifunguliwe, na ilionekana. Fomu waliyoitumia ilikuwa imekuja moja kwa moja kutoka India, inaagiza mtuhumiwa aache kitambulisho chake kwa mlinzi wa geti la kusini. Chuo kile hakina geti wala kusini. Mkuu wa chuo akaikata sentensi kwa kalamu na kuniomba radhi. Nikaona naye ni mara yake ya kwanza, ikanipa nguvu kidogo.

"Anza wewe," mama wa kanuni akamwambia binti.

"Kabla hajaanza," nikasema, nikasimama. Sikuwa nimeambiwa nisimame. "Huyu hajui lolote. Hakuniomba, sikumwambia. Kazi ile niliiandika mimi kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Jina lake nililiweka mimi. Kama kuna mtu wa kutoka kwenye chuo hiki, yuko hapa amesimama."

"Kaa tafadhali," mama akasema. "Kwa nini uliweka jina lake?"

Hapo ndipo pa kusema mafaili yalichanganyika. Nilipaona. Palikuwa wazi kama mlango. Nikamtazama yule binti kwenye skrini, naye alikuwa amefumba macho, anasubiri niandike tena cha kusema. Nikawasimulia msiba. Nikawaeleza sufuria, zamu, maandazi ya mke wangu, jinsi sehemu ya mtu inavyofika ukumbini hata kama mwenyewe hayupo, na jinsi kumuuliza mwenye tatizo kulivyo aibu. Nilizungumza muda mrefu. Mkuu wa chuo alikuwa anatikisa kichwa taratibu, akasema hata kwao kijijini, kwenye harusi, mambo yanafanana. Mwalimu wa miwani aliandika. Mama wa kanuni alisikiliza mpaka mwisho, nami nikadhani nimempata.

"Nina swali moja," akasema. "Sufuria ile ikifika ukumbini kwa jina la asiyekuwepo. Watu wanaokula, wanajua nani aliipika?"

"Wanajua wote," nikasema. "Ukumbi mzima unajua. Ndiyo heshima yenyewe."

"Sisi hatukujua."

Mke wangu alikuwa amesema kweli kuhusu swali la pili.

Nimejibu maswali mengi maishani, ya polisi wa barabarani, ya wakaguzi wa malori, ya wateja wenye piano. Lile nililipima kwanza, kama mzigo kabla ya kuubeba. Ukumbini wote wanajua, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Pale chuoni nilikuwa najua mimi tu. Miaka yote nimeishi ndani ya desturi ile na sikuwahi kuona msumari unaoishikilia, mpaka mgeni asiyewahi kula pilau letu aliponionyesha kwa kidole.

"Ni kweli," nikasema. "Hamkujua. Hapo nimekosea."

Nadhani hiyo ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kuzisema kwenye kile chuo.

Wakamgeukia binti. Akasema aliomba muda, akapewa, na alitegemea kuandika sehemu yake mwenyewe. Wakamuuliza kama angependa kuongeza. "Ndiyo," akasema. "Naomba mjue kwamba ile kazi si mbaya. Niliisoma. Kuhusu magunia yuko sahihi." Mwalimu wa miwani akajifanya anakohoa.

Tukatolewa nje. Nilikaa kwenye kiti cha kijivu chenye kimeza upande wa kulia, koridoni, dakika arobaini nzima. Kaka wa benki akatuma ujumbe: mafaili? Sikumjibu. Mlango ukafunguliwa.

Binti wa Nagpur hana kosa. Aandike sehemu yake kama alivyoruhusiwa, muda wake uko pale pale, na barua ya kumsafisha itatumwa leo kwenye faili lake. Mimi, kazi yangu ya ghala inapata sifuri, na nitakaa na wanafunzi wapya kwenye vipindi vya kanuni za kitaaluma, Jumamosi mbili, tangu saa mbili asubuhi. Nabaki chuoni.

"Sifuri?" nikasema. Ilinitoka. "Ile ya ghala?"

"Sifuri," mama akasema, ila kwa mara ya kwanza mdomo wake ulilegea pembeni.

Mkuu wa chuo alinisindikiza mpaka kwenye lifti. Akasema kuanzia muhula ujao vikundi vitaruhusiwa kumsaidia mwenzao mwenye dharura, mradi waandike wazi chini ya ukurasa nani amefanya nini. "Kama ukumbini," akasema. Nikamwambia sheria hiyo angeipata kwangu bure bila kikao. Akacheka, akabonyeza kitufe. Namshukuru hakuona macho yangu, maana mlango wa lifti ulipojifunga tu yalijaa, mwanamume mzima wa malori matano, nikayafuta kwa mkono wa shati kabla ya kufika chini.

Nilimpigia simu nikiwa bado mlangoni kwa duka la dawa.

"Anko, umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimemwambia baba. Leo amekunywa uji mwenyewe, ameshika kijiko. Akauliza huyo mtu aliyebeba gunia ni nani. Nikamwambia ni mwanafunzi mwenzangu."

Si anko. Mwanafunzi mwenzangu. Nikataka kumwambia kitu kikubwa, sentensi ya mtu aliyesoma, nikakosa. Nikamwambia arudi salama, na kwamba hata nikiiona grafu imeanguka chini sitaiokota kwa jina lake. Akasema, "Ndiyo, Anko."

Siku ile sikuwa na gari. Nilipanda treni ya magharibi, nikapata siti ya dirishani upande wa jua. Mwili ulianza kuachia kidogo kidogo, kwanza mabega, halafu shingo, kama kamba za mzigo zinavyofunguliwa moja baada ya nyingine. Parramatta nilipaona. Blacktown nilisikia jina likitajwa. Kilichofuata ni mtu wa reli ananigusa bega ananiambia ndugu, huu ni mwisho wa safari, watu wote wameshuka.

Simu ilikuwa inaita. Mke wangu.

"Uko wapi? Wamesemaje?"

"Wote tumepona. Niko Penrith."

"Penrith? Umepita nyumbani, umefuata nini Penrith?"

"Usingizi," nikamwambia. "Nimeukuta huku. Njoo unichukue."